Mkia wa Dola Hamsini

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana nilimkuta binti yangu amepanga mifupa ya mkia wa ng'ombe kwenye sinia, mikubwa mbele, midogo nyuma, kama mabehewa ya TAZARA yanapoingia Mbeya. Alikuwa ameikwangua kwa meno mpaka hapakubaki hata kamba ya nyama. Ana miaka 9. Sikumgombeza; supu ilikuwa imekolea na mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, nimeshiba.

"Mama, hii yote ni ya ng'ombe mmoja?"

"Ndiyo."

"Umejuaje?"

Nikamjibu kama wanavyojibu wazazi walioshiba: nimenunua mimi. Akaitazama mifupa, akanitazama, akarudi kwenye mifupa.

"Lakini ulinunua umeshakatwa."

Kweli bwana. Niliununua umeshakatwa, umefungwa kwenye mfuko. Kwamba ni mkia mmoja, niliambiwa na bwana wa bucha. Kwamba ni wa ng'ombe, niliambiwa na huyo huyo. Mimi kwa macho yangu nilichokiona ni mapande mekundu yenye duara jeupe katikati.

Swali la mtoto lingepita kama yanavyopita mengine, ila lilinikuta vibaya. Wiki ile ile nilikuwa nimesoma habari za mnyama wa Missouri, Marekani, dinosaria mwenye mdomo wa bata, ambaye kwa miongo mingi karibu kila kilichojulikana juu yake kilitokana na mkia. Mdomo wenyewe hakuna aliyekuwa ameuona. Na mtaalamu wa kwanza kuutazama mkia ule alimwita mnyama wa ukoo mwingine kabisa, kosa likakaa miaka 34.

Nimekaa na jambo hili wiki sita. Acha niliandike litoke.

## Kisima

Mwaka 1942 mjiolojia wa Missouri aitwaye Dan Stewart alikuwa akizunguka karibu na kijiji cha Glen Allen, Bollinger County, akichunguza udongo wa mfinyanzi. Dinosaria hawakuwa kwenye akili yake. Katika jimbo lile zima hapakuwa pamepatikana hata mfupa mmoja wa dinosaria.

Akapelekewa habari za familia ya Chronister. Walikuwa wamechimba kisima karibu na nyumba yao, na chini, kama mita mbili na nusu hivi, jembe likakutana na mifupa ndani ya udongo mweusi unaonata. Anayechimba kisima anataka maji. Mfupa unamkwamisha tu. Lakini ile mifupa hawakuitupa, na hilo pekee linanifanya niwapende watu wale.

Mifupa ikaenda Washington, kwenye makumbusho ya Smithsonian. Familia ikalipwa dola 50. Inasimuliwa kwamba mama wa nyumba ile alizichukua fedha zile akanunua ng'ombe.

Nilipofika hapo nilifunga simu.

Nilikasirika, na hasira yenyewe haikuwa ya Missouri. Ilikuwa ya Tendaguru, kule Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria. Habari ya Tendaguru mnaijua, siirudii: wapagazi, barabara ya kwenda Lindi, meli, na yule mnyama mrefu anayesimama Berlin hadi leo. Kila ninaposikia mfupa umetoka shambani kwa mtu ukaenda mji mkuu wa wakubwa, kidonda kile kinafunguka. Nikaanza kuandika makala ya lawama. Nilikuwa na aya nne tayari, za moto.

Jioni nikampigia mama yangu. Yuko Rungwe, anafuga. Nikamweleza kisa kizima nikingoja anikubalie.

"Hizo hamsini zilitosha ng'ombe?"

"Zilitosha, mama."

"Sasa mwanangu," akasema, na nikasikia ndoo ikiwekwa chini, "mfupa unakamuliwa?"

Aya zangu nne nikazifuta usiku ule.

Si kwamba mama alinimaliza kwa hoja. Bado nadhani dola 50 ni bei ya mtu anayejua anachonunua kwa mtu asiyejua anachouza. Ila nilijiuliza mifupa ile ingekuwa wapi kama ingebaki. Kwenye kibaraza? Chini ya kitanda? Watoto wangeichezea kama wangu alivyochezea sinia. Ilipofika mwaka 1979, watu wawili walipotaka kuitazama upya na kusema "jamani, tulikosea", waliikuta kabatini, imehifadhiwa. Kosa lilisahihishika kwa sababu mkia ulikuwepo wa kutazamwa.

Hili halinifuti kinyongo cha Tendaguru. Limenichanganya tu, na sijaacha kuchanganyikiwa.

## Mtu aliyekosea

Aliyeipokea mifupa Washington ni Charles Whitney Gilmore. Nilitaka awe mzembe. Kisa kingekuwa rahisi. Hakuwa. Mwaka 1922 yeye ndiye aliyempa jina Alamosaurus, dinosaria mkubwa wa shingo ndefu kutoka New Mexico. Skeletoni ya Diplodocus iliyosimamishwa Smithsonian mwaka 1931 ilipita mikononi mwake. Kama kulikuwa na mtu Marekani nzima wa kumpelekea mkia mkubwa na kumwuliza "huyu nani?", ni yeye.

Akasema: ni sauropodi, wale wa shingo ndefu. Mwaka 1945 wakaandika yeye na Stewart, wakampa jina Neosaurus missouriensis. Mwaka huo huo wa 1945, Septemba, Gilmore akafariki.

Nimefikiria sana kuhusu hilo la mwisho. Mtu amefanya kazi maisha yake yote na wanyama wa shingo ndefu, na karibu na mwisho wa siku zake analetewa mkia, anaona wa shingo ndefu. Sisemi ndiyo sababu. Ila mimi nimewahi kumwita mgeni kwa jina la kaka yangu aliyefariki, kwa sababu tu aliingia mlangoni akiwa ameinamisha kichwa kwa namna ile.

Sasa turudi kwenye mkia wenyewe, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Pingili ya mkia ina mwili wake, kile kigogo cha duara. Juu yake kuna upinde wenye tundu unapopita uti, na juu ya upinde kuna mwiba. Pembeni kuna mabawa mawili, ambako misuli hushika. Katika mikia ya dinosaria, chini kuna mfupa mwingine wa umbo la V unaolinda mishipa ya damu. Kadiri unavyoelekea nchani, mapambo haya hupungua: mabawa yanakwisha, mwiba unalala, na mwishowe unabaki na vigogo vitupu.

Kinachosema zaidi ni nyuso mbili za kigogo, mbele na nyuma, pale pingili inapokutana na mwenzake. Kwa wengi wa wale wa shingo ndefu wa nyakati za mwisho, akina Alamosaurus, uso wa mbele umebonyea na wa nyuma umevimba, moja inaingia ndani ya nyingine kama vikombe vilivyopangwa kabatini. Kwa wenye mdomo wa bata nyuso ni bapa, au zimebonyea kidogo pande zote mbili, kama visahani.

Mtu atasema: basi si rahisi? Vikombe huku, visahani kule.

Si rahisi. Wako wa shingo ndefu wenye visahani pia. Hata yule wetu wa Tendaguru mkia wake ni wa visahani. Kwa hiyo ukipewa pingili kubwa, bapa, iliyomeguka mabawa na mwiba, imekaa kwenye udongo miaka milioni 70 na zaidi, unabaki na kigogo na ukubwa wake. Na ukubwa una sauti ya juu kuliko ushahidi mwingine wote.

## Bucha

Nilitaka kujua kama ni kweli ukubwa unadanganya. Sina makumbusho. Nina bucha.

Kwenye lile sinia nilichukua pingili mbili, moja ya katikati na moja ya karibu na ncha. Ya tatu niliipata kwa jirani aliyekuwa amechinja kondoo, ya mwanzo wa mkia, pale unapoungana na mwili. Nikazichemsha tena zote, nikazisugua kwa brashi, nikazitia kwenye mfuko wa karatasi. Jumanne nikaenda kwa bwana wa bucha wakati hapana foleni.

"Mama Tumaini, umeniletea mifupa?"

"Nambie ni za mnyama gani."

Ile kubwa hakuigusa hata kwa kidole. "Mkia wa ng'ombe. Katikati." Ile ndogo ya kwanza akaibana kati ya vidole viwili: "Kondoo." Ile ndogo ya pili akaitazama kidogo zaidi: "Ncha ya ng'ombe."

Alikuwa amezibadilisha. Ya kondoo aliipa ng'ombe, ya ng'ombe akampa kondoo.

Nilipomwambia hakucheka. Alijifuta mikono kwenye aproni, akazichukua zote mbili, akatoka nazo nje kwenye mwanga. Mtu ambaye amekata mikia zaidi ya miaka 20, amekosea mkia. Nikaona aibu kwa kumtega. Akarudi baada ya muda, akaiweka ile ya kondoo juu ya gogo.

"Hii ina mabawa."

"Eeh."

"Ncha ya mkia haina mabawa. Hii ni shina la mkia. Na kama ni shina halafu ni ndogo hivi, mnyama mwenyewe ni mdogo." Akaiweka na ile nyingine. "Hii haina kitu, laini kama kipande cha chaki. Ni ncha. Na kama ncha ni nene hivi, mwenyewe ni mkubwa. Niliangalia udogo, sikuangalia imetoka wapi."

Nikamwomba arudie, niandike.

"Mimi kazini siangalii mfupa, Mama Tumaini. Naangalia maungio. Kisu kinajua pa kuingia. Ukinipa mkia wenye nyama, hata macho nafunga. Ukiuvua nyama unanivua akili."

Nimesoma makala kadhaa za wataalamu kuhusu pingili za mkia na sikuwahi kulielewa jambo hili kama nilivyolielewa pale kwenye gogo. Pingili haina ukubwa wake yenyewe. Kwanza ujue inakaa wapi kwenye mkia, ndipo ukubwa upate maana, na kujua inakaa wapi unategemea zile sehemu nyembamba, mabawa na mwiba, ambazo ndizo huvunjika kwanza.

## Majina

Jina Neosaurus halikudumu hata mwaka. Lilikuwa limeshachukuliwa na mwingine, na kanuni za kuwapa wanyama majina haziruhusu wawili waitwe jina moja. Gilmore akalibadilisha kuwa Parrosaurus, kwa heshima ya Albert Eide Parr, mwanazuolojia wa makumbusho ya New York.

Ikapita miaka. Mwaka 1979 Donald Baird na Jack Horner walikuwa wakipitia mabaki ya dinosaria wa North Carolina, jimbo lililo mbali mashariki. Huko kulikuwa na mnyama mwingine aliyepewa jina mwaka 1869 na Edward Drinker Cope: Hypsibema crassicauda. Hilo neno la pili maana yake ni mwenye mkia mnene, kwa hiyo mnakisia alijulikana kwa nini. Walipoulinganisha mkia wa Missouri na huu wa North Carolina waliona ndugu. Na ndugu hao hawakuwa wa shingo ndefu hata kidogo. Ni wenye mdomo wa bata. Parrosaurus akawa Hypsibema missouriensis.

Nilipofika hapa mara ya kwanza nilifurahi. Kosa limesahihishwa, kisa kimekwisha. Siku iliyofuata nikiwa kwenye daladala furaha ikaniishia. Wametoka na mkia mmoja wa vipande, wakauegemeza kwenye mkia mwingine wa vipande. Vipofu wawili wameshikana mikono, hiyo bado haijawa njia.

Hofu yangu haikuwa ya kijinga, maana mwaka 2018 mtafiti Chase Brownstein alizitazama tena pingili zile, akaona tofauti za kutosha kati ya hizi na zile za Cope, akataka jina Parrosaurus lirudi. Kwamba ni wa mdomo wa bata, hilo halikurudi nyuma. Kwamba ni yupi kati yao, hapo ndipo jina linapoyumba.

Wakati huohuo Missouri walikuwa wameshampitisha bungeni. Mwaka 2004 jimbo lilimtangaza kuwa dinosaria wake rasmi, na sheria inamwita Hypsibema. Kwa hiyo wataalamu wakimrudishia jina la Gilmore, serikali inabaki na lake. Mimi hili limenifurahisha kupita kiasi. Nina shangazi ambaye kitambulisho chake kina jina ambalo hakuna mtu nyumbani anayemwita, na anaitika yote mawili.

Nilichokuja kukitambua taratibu ni kwamba ukoo mzima ulianza hivi. Hadrosaurus foulkii, aliyewapa wenye mdomo wa bata jina lao la kitaalamu, aliandikwa mwaka 1858 na Joseph Leidy kutokana na mifupa ya New Jersey, na fuvu halikuwepo. Mwaka 1868 walipomsimamisha Philadelphia, skeletoni ya kwanza ya dinosaria kusimamishwa popote duniani, msanii Waterhouse Hawkins aliutengeneza mfano wa kichwa kwa kuiga mjusi mkubwa wa Amerika aitwaye iguana. Watu walipanga foleni kumtazama mnyama wa mdomo wa bata mwenye kichwa cha mjusi.

## Nusu ya bara iliyonyamaza

Swali lililobaki lilikuwa kwa nini vipande. Kwa nini magharibi ya Marekani wanachimba wenye mdomo wa bata wazima wazima, wengine na alama za ngozi, halafu mashariki wanaokota mkia?

Zamani hizo, kama miaka milioni 75 hivi iliyopita, bahari iliikata Amerika ya Kaskazini katikati kutoka kaskazini hadi kusini. Upande wa magharibi wataalamu wanauita Laramidia, wa mashariki Appalachia. Magharibi milima ilikuwa ikiinuka, mito ikishuka na mchanga kwa wingi na kuwafukia wanyama haraka. Leo kule ni kukavu, mawe yako wazi, unatembea unaona. Mashariki kuna misitu, mashamba, na miji juu yake. Mengi ya mabaki yake yalitoka kwenye tabaka za baharini, ambako mzoga ulielea, ukaoza, ukadondosha kipande hapa, kipande kule, mkia ukaachana na mwili.

Glen Allen ni jambo la ajabu hata kwa mashariki. Miamba inayoizunguka ni ya kale mno, ya mamia ya mamilioni ya miaka kabla ya dinosaria. Katikati yake kimebaki kipande kidogo cha udongo wa zama zao, kilichodidimia kikanusurika, huku kilichokuwa juu na pembeni kikisombwa chote. Mtu akachimba kisima juu yake hasa. Angesogea hatua chache, huenda angepata maji na sisi tusingepata kitu.

Hapa kwetu Afrika wenye mdomo wa bata ni wachache kuliko huko. Wa kwanza kuandikwa barani, Ajnabia wa Morocco, alitangazwa mwaka 2020, na alitoka kwenye machimbo ya fosfeti akiwa na vipande vya taya. Wazungumzaji wa Kiswahili jina hilo hatuhitaji kutafsiriwa.

## Moyo wa mkia

Sasa niseme kilichonifanya niache kazi zangu niandike haya. Nikiwa natafuta habari za pingili za mkia nilikutana na neno ambalo nililisoma mara tatu nikidhani simu imejitafsiria yenyewe.

Moyowamkia.

Ni jina rasmi la kisayansi. Mnyamawamtuka moyowamkia, mnyama wa Mtuka mwenye moyo wa mkia. Amepatikana bonde la Rukwa, mkoani Songwe, jirani zangu kabisa. Hadi mwaka 2016 Songwe ilikuwa ndani ya Mbeya. Mifupa ilionekana mwaka 2004 kwenye ukuta wa korongo la Mtuka, ikachimbwa miaka iliyofuata, watu wakining'inia kwa kamba. Mwaka 2019 Eric Gorscak na Patrick O'Connor wakamwandika. Huyu ni wa shingo ndefu kweli, wa miaka milioni 100 na zaidi. Na jina la pili alilipata kwa sababu pingili zake za katikati ya mkia, ukizitazama usoni, zina umbo la moyo.

Nilikaa nalo. Huyu ana mifupa mingi mwilini, mbavu, miguu, shingo, na bado walipotaka kumtofautisha na ndugu zake waliutazama uso wa pingili ya mkia. Pale pale anapoingiza kisu bwana wa bucha.

Nikawauliza watu kumi niliokutana nao wiki ile kama wamewahi kusikia Mnyamawamtuka. Walimu wawili walikuwamo. Hakuna. Mmoja aliniuliza kama ni kikundi cha singeli. Sikuwacheka, maana mimi mwenyewe nimekulia mkoa ule ule na nimejua habari za mkia wa Missouri kabla ya wa Mtuka.

Ilinichoma kidogo. Jina limewekwa kwa Kiswahili, kwa adabu nzuri, na bado lilinifikia likizungukia Amerika.

## Banda

Missouri hawakuishia kwenye kisima. Miaka ya 1970 mjiolojia Bruce Stinchcomb alilinunua eneo lile, na uchimbaji ukaendelea polepole, kwa miaka. Juu ya shimo wamejenga banda la nailoni, kama haya ya kupandia nyanya, kwa sababu udongo ule ukinyeshewa hugeuka uji. Kukatoka meno, taya, vipande vya kobe, na meno ya dinosaria walanyama. Mji wa jirani, Marble Hill, una makumbusho yake ambako mnyama wao anaonyeshwa. Mwaka 2021 zikatoka habari kubwa zaidi: ilikuwa imepatikana mifupa ya mnyama mchanga, na timu iliyoongozwa na Peter Makovicky ikafikia karibu yake mwingine mkubwa.

Kwa hiyo mkia unaelekea kupata mwili. Nilidhani nitafurahi moja kwa moja, lakini nilijikuta nikimwonea huruma Gilmore. Zile pingili alizozishika Washington zilikuwa na wenzao kwenye udongo ule ule, zikimngoja atume mtu arudi na jembe.

Jumamosi nilirudi bucha kununua mkia mwingine. Foleni ilikuwa fupi, nikamsimulia bwana wa bucha kisa chote: kisima, udongo mweusi, Washington, yule mtaalamu aliyeona shingo ndefu, miaka 34. Alisikiliza huku akinoa kisu. Kwenye kosa la Gilmore alitikisa kichwa. "Hakuangalia maungio," akasema, kwa upole, kama anayemtetea mtu wa kazini.

Nikamsimulia na dola 50, na ng'ombe.

Hapo akaacha kunoa.

"Alinunua ng'ombe?"

"Ndivyo wanavyosimulia."

Akauweka mkia juu ya gogo, akapapasa kwa kidole gumba mpaka akapata maungio ya kwanza, kisu kikapita bila kugonga mfupa. Akapapasa ya pili.

"Alikuwa mtamba," akauliza, "au alishazaa?"